Mkono Usio na Kovu: Kumuaga Karani wa Dirisha la Nne

Baada ya miaka thelathini na nne na miezi mitano ya utumishi, karani wetu wa dirisha la nne atafunga droo yake kwa mara ya mwisho Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri. Nimeandika na saa kwa sababu nisingeiandika angeniuliza.

Wateja wanamwita Bwana Tena. Hesabu ya kwanza kwake ni salamu, ya pili ni mazungumzo, na ya tatu, anayoianza kwa kusema "tena", ndiyo hesabu. Foleni ilikuwa ikiguna mpaka dari linatikisika. Lakini katika miaka hiyo yote droo yake haijawahi kupungua wala kuzidi, na wale waliokuwa wakiguna ndio hao hao waliokuwa wakiuliza mlangoni, "Leo yupo?"

Meneja aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu alinikabidhi na jalada lake. Ni jembamba. Ukiondoa fomu za likizo na alizoandika yeye mwenyewe, lina barua mbili tu: ya kuajiriwa, na ya onyo kali. Meneja akashauri hiyo ya pili tuiruke, maana sherehe ni sherehe. Nimemwomba tusiiruke, kwa kuwa kwa maoni yangu hicho ndicho cheti chake. Wahusika wote wameridhia niisimulie, na mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Aliingia ofisini akiwa na miaka ishirini na mitano, mwembamba kama kalamu, kwa ushahidi wa picha iliyoko ukutani. Alianzia dirisha la kwanza. Wageni wetu wajue kwamba dirisha la kwanza hadi la tatu hulipa pesa zinazotumwa na watoto wa kisiwa hiki walioko nje, na la nne ndilo pekee linalotuma kutoka hapa kwenda kwa wengine. Zamani kupangwa la nne ilikuwa kama adhabu. Wateja wake walikuwa wageni: mafundi wa ujenzi, wapishi, wafagizi, watunza nyumba, watu ambao lugha yetu waliijua nusu na sheria zetu robo. Yeye aliomba kuhamia huko kwa barua. Alipoulizwa sababu, alisema kule watu hawajui kupiga soga, kazi itakwenda. Kumbe ndiko alikokwenda kupiga soga yeye, kwa lugha tano, zote mbovu.

Kisiwa chetu kinaishi kwa pesa za wanawe waliotawanyika. Pesa hizo hujenga nyumba, na nyumba hizo hujengwa, hufagiliwa na kulindwa na watoto wa watu wengine, ambao nao hutuma kwao. Mwaka mmoja alikuja mtaalamu wa uchumi na kishikwambi chake, akataka kujua: ikiwa ziingiazo ni nyingi hivi na zitokazo ni nyingi vile, basi kinachobaki kisiwani ni nini? Bwana Tena akajibu bila kuinua kichwa, "Saruji."

Sasa nije kwenye ile barua ya onyo.

Miaka kumi na miwili iliyopita mimi nilikuwa dirisha la pili. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikuja mwanamke mmoja wa kigeni, mtulivu, mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa mtunza nyumba ya ghorofa ya mzee mmoja aliyekuwa akiishi nje. Mshahara wake ulitumwa na huyo mzee. Mimi nilimlipa, yeye akapiga hatua nne kwenda dirisha la nne, na sehemu kubwa ya pesa ile ile ikaondoka kwenda kwa mama yake. Haikukaa kisiwani hata dakika ishirini.

Dirisha la nne liko kwenye kona, likitazamana na mlango. Asubuhi mwanga hupiga nyuma ya mteja, uso wake ukawa kivuli kitupu. Kwa hiyo Bwana Tena alizoea kuwajua watu kwa mikono. Mtunza nyumba yule alikuwa na kovu la pasi mgongoni mwa mkono wa kulia, la pembetatu, jeusi, limekunjamana kama jani lililokauka.

Alhamisi moja mkono ulipita chini ya kioo na kitambulisho kile kile, na kovu halikuwepo.

Aliinama akatazama uso. Uso ulikuwa ule ule. Kitambaa kile kile, sauti ile ile, saini ile ile yenye mkia. Alihesabu mara tatu, akagonga muhuri, akatuma. Mteja alipoondoka alinijia, mkono ameuweka shingoni kama mtu mwenye homa.

"Umemlipa nani sasa hivi?"

"Yule wa nyumba ya ghorofa. Kwani vipi?"

"Una hakika?"

"Mzee, si uso ule ule?"

"Uso ndio," akasema. "Mkono sio."

Nilicheka. Nasema hivi mbele ya wafanyakazi wote: nilicheka, nikamwambia aende akapimwe macho.

Mwezi uliofuata alimwuliza kwa upole lile kovu limekwenda wapi. Mwanamke akasema limepona. Alinisimulia hayo wakati wa chai, na chai yake ikapoa bila kuguswa. "Kovu haliponi," alisema. "Kovu ndiyo kupona kwenyewe." Akaenda kupimwa macho kweli. Daktari akamwambia anaona kama kijana.

Mwezi wa tatu alimwuliza habari za mama yake, akajibiwa vizuri, mpaka jina la ng'ombe aliyezaa. Mwezi wa nne pesa ya kutuma ilipungua zaidi ya nusu, na mkono usio na kovu ulinuka dawa ya kuchua kifua. Siku hiyo Bwana Tena hakula. Aliniambia kila anapofumba macho anauona ule mkono ukiingia chini ya kioo, laini, mzima, kama umevuliwa ngozi moja ukavishwa nyingine. Hakuwa anamwogopa huyu aliyekuja. Alikuwa anamwogopea yule ambaye hakuja.

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, tulikwenda wote wawili kwenye ile nyumba ya ghorofa. Nilimsindikiza kwa sababu nilitaka limalizike.

Nyumba hiyo iko kwenye barabara ile mpya ambayo watu wameipa jina la Mtaa wa Watarajiwa. Nyumba ishirini na kitu, zote za ghorofa, zote za rangi mbichi, mapazia yamefungwa. Jua linawaka, na hakuna kamba hata moja yenye nguo. Mtu ukipita unasikia viatu vyako mwenyewe. Kwenye ngazi za nyumba nyingine palikuwa na vumbi ambalo halijakanyagwa tangu mafundi waondoke.

Mwenye kitambaa cha kijani alitufungulia. Alipomwona Bwana Tena alishika fremu ya mlango, lakini adabu ikashinda woga, akatukaribisha.

Sebule ilikuwa kubwa kuliko ofisi yetu. Makochi yalikuwa bado ndani ya nailoni. Meza ya chakula ilikuwa imepangwa sahani nane, uma nane, glasi nane, zinang'aa. Kando ya ngazi palikuwa na ndara jozi nane, kubwa kwa ndogo, zikiwa bado na vibandiko vya bei. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba ndivyo tajiri anavyotaka: shuka zibadilishwe kila wiki, sahani zioshwe kila siku. Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kulala wala kula pale; mtunza nyumba hulala na kupika kwenye kibanda cha uani. Mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kuiona ila kwenye picha.

Saa tano kamili simu ya mezani ikalia.

Ililia kwa nguvu, mwangwi ukapanda ngazi. Bwana Tena alikuwa karibu nayo, akanyoosha mkono. Yule mwanamke akaruka akamshika.

"Usipokee. Hapendi."

"Nani?"

"Mzee mwenye nyumba. Anapiga kila siku saa hizi. Anataka kuisikia ikilia tu. Anasema akiisikia inalia ndani ya nyumba yake, anakuwa kama amefika."

Tukakaa tukaisikiliza. Sijui kama niliwahi kuketi kimya namna ile, watu watatu na sahani nane, simu ikilia ya mtu asiyetaka kujibiwa. Na katikati ya mlio na mlio, juu ya vichwa vyetu, mtu akakohoa.

Simu ilipokatika, kikohozi nacho kikakatika ghafla, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

"Nyumba hii ina sauti zake," akasema yule mwanamke.

Bwana Tena akamwuliza, "Mwanangu, wewe ni nani?"

Akataja jina lililoko kwenye kitambulisho.

"Sijakiuliza kitambulisho," akasema Bwana Tena. "Nimekuuliza wewe."

Hapo akaketi chini sakafuni, palepale kwenye ndara, akalia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia hivyo.

Juu, chumba cha mwisho, kwenye kitanda cha mbao nzito na shuka nyeupe, niliuona uso ule ule kwa mara ya pili, umebaki mifupa. Walikuwa mapacha, kurwa na doto. Nilitazama aliyesimama mlangoni, nikatazama aliyelala, na ilikuwa kama kumwona mtu na siku yake ya mwisho kwa pamoja. Aliyelala akatoa mkono nje ya shuka. Kovu la pembetatu lilikuwepo. Mkono mwenyewe ndio uliokuwa umekwisha.

"Nisamehe, mzee," akamwambia Bwana Tena. "Nilishindwa kuja mwenyewe. Nimemtuma mdogo wangu."

Alikuwa na kifua kikuu. Wakala aliyemleta alimwambia mgeni akipatikana na ugonjwa huo hufutiwa kibali na kupakiwa ndege siku hiyo hiyo, na nyumbani kulikuwa na mama na watoto wake watatu wanaokula kwa ule mshahara. Doto alikuja kumuuguza kwa kibali cha matembezi cha mwezi mmoja. Mwezi ukaisha, naye hakuondoka. Tangu hapo wakaishi wawili kwa jina moja, mmoja akitoka, mwingine akijificha, na dawa wakinunua za kubahatisha. Na kila wiki, mgonjwa na afya yake ile, waliendelea kubadilisha shuka za vitanda vinane.

Mke wa Bwana Tena ni muuguzi. Alifika mchana huo huo, akamsikiliza kifua mgonjwa, kisha akamgeukia mumewe.

"Miezi minne! Umeuona mkono miezi minne ukakaa nao kama jiwe? Tunalala kitanda kimoja, hukuniambia?"

Akasema hospitali ni leo, kesho huenda tukawa tumechelewa. Wakamwingiza jioni. Amana ya matibabu ilitoka mfukoni mwa Bwana Tena, lakini hospitali ikataka na barua ya mwajiri ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo wangelazimika kuwaita uhamiaji. Namba ya mwajiri hakuna aliyekuwa nayo. Mshahara ulikuja kupitia wakala, na maagizo pia, na wakala ndiye tuliyekuwa tukimkwepa.

Kwa hiyo Jumapili, kabla ya saa tano, tulirudi kwenye ile sebule, tukaketi tukiitazama simu. Ilipolia mara ya kwanza tu, Bwana Tena akapokea.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia pumzi za upande wa pili. Baadaye sauti ya kizee, nyembamba:

"Nani huyo ndani ya nyumba yangu?"

Akajitambulisha, jina, kazi, na dirisha.

"Nani amekufa?" akauliza yule mzee.

"Hajafa mtu bado. Ndiyo maana nimepokea."

Akamweleza yote, taratibu, kama anavyohesabu. Mwisho mzee akauliza jambo ambalo mpaka leo Bwana Tena hulitaja.

"Nyumba inanukia nini?"

Bwana Tena akavuta hewa. Ningekuwa mimi ningemdanganya.

"Inanukia rangi, mzee wangu."

"Miaka tisa, bado rangi?"

"Bado. Haijapikiwa."

Kisha mzee akauliza hospitali inaitwaje na barua iandikwe kwa nani. Ilifika alasiri ile ile kwa barua pepe, imeandikwa na mtu asiyejua kutumia herufi ndogo. Alisema mgonjwa ni mwajiriwa wake, gharama zote ni zake, na kwamba anamwajiri na mdogo wa mgonjwa pia, na anaomba apewe kibali.

Jumatatu asubuhi Bwana Tena aliingia kwa meneja wa wakati huo na maelezo ya kurasa tatu. Alikiri kwamba kwa miezi minne alijua anayesaini siye mwenye kitambulisho, na alituma pesa hivyo hivyo, kinyume cha kanuni. Akaulizwa kwa nini hakutoa taarifa siku ya kwanza. Akasema aliogopa kwamba taarifa ingekimbia kuliko yeye, ikafika pale kabla hajajua ni nani wa kusaidiwa. Akasema pia kwamba hilo silo jibu zuri, maana woga wake uligharimu miezi minne ya pafu la mtu. Wakampa barua ya onyo kali na kumhamishia stoo ya risiti miaka miwili.

Nimeyasoma maelezo hayo wiki hii kwa mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyemlipa mshahara yule mwanamke kwa kitambulisho kisicho chake mara nne. Niliambiwa, nikacheka. Katika kurasa zote tatu sijatajwa popote. Wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja kazini na mtoto wa miezi sita, na yeye alilijua hilo. Miaka kumi na miwili tumekunywa chai pamoja, hajawahi hata kunidokeza.

Kurwa alitibiwa miezi sita, akapona, pafu moja likabaki dhaifu. Hakufukuzwa. Tuliambiwa baadaye kwamba lile la kupakiwa ndege siku hiyo hiyo lilikuwa uongo wa wakala tangu mwanzo. Alimaliza mkataba wake akarudi kwa wanawe. Doto yuko hapa, kwa jina lake na kibali chake. Mzee mwenye nyumba alikaa mwezi mzima bila kupiga simu. Alipoanza tena, Doto alisimama mbele ya simu ikilia, hajui afanye nini, mpaka siku ya nne akaiinua akauliza, "Mzee, nipokee au nisipokee?" Akajibiwa, "Pokea."

Bwana Tena alirudi dirisha la nne baada ya miaka miwili, na stoo akaiacha imepangwa hivi kwamba hata leo ukitaka risiti ya tarehe yoyote unaipata kabla hujamaliza kupiga chafya. Amewafundisha makarani kumi na mmoja. Wote wanalalamika kwamba aliwachelewesha, na wote, nimewachungulia, wanahesabu mara tatu.

Jambo la mwisho ni la juzi. Binti yake wa pekee yuko nje mwaka wa kumi na moja sasa. Alikuwa anampigia baba yake amnunulie kiwanja, kisha amsimamie ujenzi, ghorofa moja tu, kwa kuanzia. Baba akawa anasema kiwanja anakitafuta. Jumanne, sehemu ya kwanza ya kiinua mgongo chake ilipoingia, alitoka nyuma ya kaunta, akazunguka, akapanga foleni nyuma ya fundi bomba na wapishi wawili, akafika dirisha la nne akiwa mteja. Kanuni haziruhusu karani kujihudumia, hivyo niliketi mimi kwenye kiti chake.

Fomu ina kisanduku cha sababu ya kutuma: matumizi ya nyumbani, ada, matibabu, ujenzi. Alichagua "nyingineyo", akaandika kwa mkono wake, na niliisoma mara mbili: *Nauli ya kurudi.*

Ndege inatua Jumamosi ya pili baada ya yeye kustaafu. Binti anakuja na mume na watoto wawili ambao babu yao hajawashika.

Mzee wetu, kwa niaba ya madirisha yote manne, asante kwa kutazama mikono ambayo sisi tulikuwa tukiikabidhi pesa tu. Mimi ninakushukuru kwa kurasa zako tatu. Nenda ukapumzike na mama. Wajukuu wakuvunjie glasi, wakupakie ukuta matope, wakunyime usingizi wa mchana. Mungu akujalie nyumba yenye kelele.